Miguu ya Mbwa wa Mwenyekiti

Cheruiyot alisubiri sahani ziondolewe ndipo akaanza kusimulia habari za mbwa wa mwenyekiti. Tulikuwa wazee tisa, sote tuliwahi kufanya kazi katika ofisi moja ya mifugo, na tulikuwa tumekutana kwa chakula cha mchana katika chumba cha juu cha hoteli mjini Eldoret. Mwezi uliotangulia tulikuwa tumemzika mkubwa wetu wa zamani, Bwana Simiyu, na pale mazishini mmoja wetu akasema ni aibu watu waliofanya kazi pamoja miaka yote ile kukutana kwenye majeneza tu. Cheruiyot ana kipawa cha kusimulia. Alisimama, akashika kijiko kama simu, akaiga sauti ya mwenyekiti wa chama akilalamika kwamba wapinzani wamewalisha mbwa wake sumu. Akatembea kati ya viti akiinua mguu mmoja mmoja kama mbwa anayekanyaga makaa. Mwishoni akaninyooshea kidole. "Na huyu hapa Kiprono, kijana wa cheti, ndiye alimpatia mwenyekiti hiyo sumu. Kwa kalamu." Watu wakacheka mpaka mhudumu akachungulia mlangoni. Mimi pia nilicheka, na nataka hilo lijulikane mapema. Nilicheka kwa adabu, kama mtu anayepokea sifa, kisha nikaenda msalani nikasimama mbele ya sinki huku maji yakitiririka bure, kwa sababu katika hadithi yote ile, iliyochukua karibu nusu saa, hapakuwa na mfanyakazi wa nyumba. Kulikuwa na mbwa wawili, mwenyekiti, mkewe, Bwana Simiyu na mimi. Mama Awuor hakuwemo. Alikuwa amefutwa katika jiko ambamo yeye peke yake ndiye aliyejua mbwa wale wana nini.

Mwaka ule wa mbwa nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, nimepanga chumba kimoja mtaa wa Huruma, na mali yangu ilikuwa kitanda, stovu ya mafuta taa na baiskeli ya serikali. Cheo changu kilikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo, lakini wakulima waliniita daktari na sikuwarekebisha. Kazi yangu ilikuwa ng'ombe: kuchanja, kukagua majosho, kuvuta ndama waliokwama. Mbwa hatukuwahesabu kama wagonjwa, isipokuwa siku za chanjo ya kichaa. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kupanga foleni, ambapo mpiga kura anasimama nyuma ya mtu anayemtaka, mchana kweupe, na kila mmoja anaona nani amesimama wapi. Miezi mingi kabla ya siku yenyewe watu walikuwa wameshaanza kupangana vichwani. Ofisini tulivaa beji ya chama kifuani, na aliyeisahau nyumbani aliirudia kabla ya saa ya chai. Sikuwa mwoga kuliko wengine. Nilikuwa mwoga kama wengine, na nimekuja kugundua kwamba hilo halipunguzi kitu.

Bwana Simiyu alinituma Elgon View, mtaa wa matajiri, asubuhi moja ya baridi, na hakunipa maelezo mengi. "Mbwa za mwenyekiti wa chama zinachechemea," alisema. "Enda uangalie, uandike dawa, urudi. Usiongee siasa." Nyumba ile ilikuwa ya mawe, yenye bustani iliyopigwa mkasi, na kabla sijafika mlangoni niliisikia harufu. Ilikuwa harufu ya wodi ya hospitali baada ya kufagiliwa, kali, inayokwenda moja kwa moja nyuma ya macho. Mlango wa jikoni ulifunguliwa na mwanamke wa makamo, mrefu, kitambaa kimefungwa kichwani kwa nguvu, akaniambia nivue viatu vya gumbuti kwa sababu ndio kwanza amepiga deki. Huyo alikuwa Mama Awuor. Alitoka upande wa ziwa, karibu na Ahero, na alikuwa ameifanyia kazi nyumba ile miaka saba: kupika, kufua, na kuosha sakafu. Mbwa wawili walikuwa wamelala katika korido ya nyuma, kati ya jiko na vyumba vya kulala, juu ya simiti tupu. Mkubwa aliitwa Sajini, dume zee lenye mdomo wa mvi. Mdogo alikuwa jike, Meja. Niliinua mguu wa Sajini, naye akanguruma bila kuinua kichwa. Ngozi nene ya chini ya wayo ilikuwa nyekundu, imebambuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Katikati ya vidole palikuwa pabichi. Tumbo la Meja, pale pasipo na manyoya, lilikuwa na vipele, na ulimi wake ulikuwa na vidonda kwa sababu ya kujilamba.

Nilichuchumaa pale nikipitia kichwani kila kitu nilichofundishwa, upele, funza, kuvu, minyoo, na hakuna kilichokaa sawa. Mama Awuor alikuwa amesimama na ndoo mkononi. "Mimi si daktari," alisema, "lakini hii si ugonjwa. Ni dawa ya sakafu." Akaniletea jerikeni. Ilikuwa ile dawa nyeusi ya kuulia viini, ambayo ukiitia majini inageuka nyeupe kama maziwa. Maandishi ya jerikeni yalisema kifuniko kimoja kwa ndoo nzima. Nikamuuliza yeye huweka kiasi gani. "Madam anataka vikombe viwili," alisema. "Na hataki nisuuze. Ati nikisuuza natoa kazi yote ya dawa. Zamani mbwa zilikuwa zinalala nje kwa kibanda, hazikuwa na shida. Tangu Mzee aseme zilale ndani kwa sababu ya mambo ya kura, ndio zimeanza kuchechemea. Zinalala kwa sakafu yenye dawa, zinatembea kwa dawa, halafu zinajilamba. Si ni kama kuzipatia kwa kijiko?" Kisha akanyoosha mikono yake akanionyesha. "Hata mimi inanichoma." Viganja vilikuwa vimepasuka, kucha zimegeuka rangi ya kahawia, na kati ya vidole palikuwa na ubichi uleule niliotoka kuutazama kwenye mguu wa Sajini. Nilimwambia aende zahanati. Nilisema hivyo nikiwa nimeshageuka kuutafuta mguu mwingine wa mbwa.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko yale makubwa yaliyofuata. Sikuwa mkatili. Nilikuwa nimetumwa kuangalia mbwa, na niliangalia mbwa. Jioni ile niliandika katika daftari langu la kazi kwamba nimegundua mwasho wa ngozi uliosababishwa na mabaki ya dawa ya sakafu. Nimegundua, niliandika. Bwana Simiyu alipolisoma alinipiga begani akasema kijana ana macho.

Bahati nzuri, wiki hiyohiyo Madam, mke wa mwenyekiti, alisafiri Nairobi kumpeleka binti yao shuleni, na akakaa huko karibu mwezi mzima kwa dada yake. Nilikwenda Elgon View kila siku ya pili. Mimi na Mama Awuor tuliendesha matibabu yale kama watu wawili wanaolea watoto wagonjwa. Alipima kifuniko kimoja kwa ndoo, akapiga deki, kisha akarudia kwa maji matupu mara mbili, akaacha sakafu ikauke kabisa milango ikiwa wazi, na wakati huo wote mbwa walifungwa nje kwenye nyasi. Magunia yao ya kulalia, ambayo yalikuwa yamefuliwa kwa sabuni ya unga na kuanikwa bila kusuuzwa vizuri, tuliyaosha upya mpaka maji yakatoka safi bila povu. Kila jioni aliwaosha miguu katika karai kwa maji ya uvuguvugu yasiyo na kitu chochote, akawapangusa kati ya vidole kwa kitambaa kikavu. Niliwaletea mafuta ya kupaka. Sajini, ambaye alikuwa ameuma mikono ya watu wengi, alizoea kumwinulia Mama Awuor mguu mwenyewe akimwona na karai. Ndoo ya deki alikuwa akiifunika kwa sinia kila alipoiacha, kwa sababu Meja alikuwa na tabia ya kunywa popote alipoona maji.

Baada ya kazi hiyo alinipa chakula. Sijasahau jiko lile: meza ya mbao iliyosuguliwa mpaka ikawa nyeupe, sufuria zimetundikwa ukutani kwa kufuata ukubwa wake, na jiko la kuni lililowaka mchana kutwa kwa ajili ya chai ya wageni. Aliniwekea ugali na sukuma wiki, na siku ambayo mtu wa kwao alipitia aliniwekea samaki mkavu aliyemlainisha kwa nyanya na maziwa. Mimi ni mtu wa ng'ombe, sikuwa nimezoea samaki; alinicheka nilipomtazama yule samaki usoni. "Kula, Daktari. Hajui wewe ni mtu wa wapi." Ukutani kulikuwa na kidirisha cha kupitishia chakula kwenda chumba cha kulia, na kidirisha hicho hakikufunga vizuri. Upande wa pili mwenyekiti alikuwa akikaa na watu wake. Tulikula tukiwasikiliza, tusitake kusikia. Walihesabu kata moja baada ya nyingine, nani wetu, nani si wetu, nani anajifanya wetu. Siku moja sauti ambayo sikuitambua ilisema, "Hata hapa kwako, Mwenyekiti, uko na mtu wa ziwa jikoni. Siku hizi usiamini mkono unaokupikia." Mwenyekiti akajibu kwamba yule mama amekaa naye miaka mingi, hajui siasa. Mama Awuor aliendelea kuchambua mchele. Hakuniangalia. Akasema kwa sauti ya chini, "Ukisikia mtu anasema hujui siasa, ujue siasa inakujua."

Mbwa walipona. Hiyo si hadithi. Niliwaona kwa macho yangu wakikimbia kwenye nyasi, miguu yao imefunga ngozi mpya, laini na nyeusi. Mwenyekiti mwenyewe alinikuta uani siku moja akanishika mkono, akaniuliza jina la baba yangu na la kijiji chetu, akaridhika na majibu.

Kisha Madam akarudi. Alikuwa amefanya kazi hospitalini ujanani, kabla ya kuolewa, na ninaamini alikuwa mwanamke aliyeogopa uchafu kweli. Nyumba yake ilikuwa imejaa wajumbe wenye matope miguuni kila siku, na kwake yeye usafi ulikuwa harufu. Kama haunuki, haupo. Aliingia kwa mlango wa mbele, akasimama katikati ya sebule, akanusa. Nilikuwa jikoni, nikasikia. "Awuor, kwani mumekuwa mkiishi aje hapa? Nyumba inanuka mbwa." Mama Awuor akaeleza kwa upole, kuhusu kifuniko kimoja, kuhusu kusuuza, kuhusu miguu. Akasema daktari ndiye alishauri. Hapo nikaitwa. Nilisimama mlangoni na soksi zangu zilizotoboka. Nilisema dawa ikizidi inaunguza, nikasema inafaa isuuzwe, nikasema yote hayo nikiangalia kapeti. Madam alinisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. "Wewe umesomea ng'ombe, kijana," alisema. "Mimi nimefanya kazi wodini. Niandikie hayo kwa karatasi nitayasoma." Nikaandika: kiasi cha dawa, maji ya kusuuza, muda wa kukauka, kuwafungia mbwa nje, kuosha miguu, kufunika ndoo. Akaikunja karatasi akaiweka chini ya chombo cha maua. Siku iliyofuata harufu ilikuwa imerudi, nami nilipofika Mama Awuor alinionyesha vikombe viwili kwa vidole.

Ningeweza kumwendea mwenyekiti. Alikuwa amenishika mkono. Nilijiambia si mahali pangu kuingia kati ya mtu na mkewe kwa sababu ya ndoo ya deki. Mama Awuor alijaribu kusuuza kwa siri asubuhi Madam akiwa bado kitandani, lakini Madam alikuwa akipita korido na kunusa, na kama harufu ilikuwa hafifu sakafu ilipigwa deki tena mbele ya macho yake. Katika siku kumi miguu ya Sajini ilikuwa imefunguka upya. Mwenyekiti aliwaona wakichechemea, na kwa kuwa uchaguzi ulikuwa umebaki wiki mbili, hakuona miguu. Aliona maadui. Akaongeza mlinzi getini.

Meja alikufa siku ya Jumanne. Siku hiyo kulikuwa na ugeni mkubwa, na Madam aliamuru korido ioshwe upya katikati ya mapishi. Alimwita Mama Awuor sebuleni aje apange vikombe mara moja, ndoo ikaachwa ilipo, wazi. Nilipofika na baiskeli mbwa alikuwa amelala ubavu nje ya mlango wa jikoni, anatetemeka kuanzia mabegani, mate yanamtoka kama uzi. Mdomo wake ulinuka dawa. Mama Awuor alikuwa amepiga magoti anamwagia maji mdomoni, na aliponiona alisema, "Amekunywa ndoo." Nilifanya nilichoweza, nacho kilikuwa kidogo. Alikufa kabla wageni hawajamaliza chai. Mwenyekiti alitoka na leso ya mezani bado shingoni, akamtazama mbwa, akawatazama wageni wake waliokuwa wamejaa nyuma yake kwenye ngazi, na nikaona jinsi uso wake ulivyobadilika alipokumbuka kwamba anatazamwa. "Mmeona," alisema. "Wameanza na mbwa wangu."

Ripoti niliiandika kesho yake asubuhi. Niliandika ukweli, kwa sababu nilikuwa bado sijaelewa kwamba kuna kitu kingine kinachotakiwa. Niliandika kwamba mnyama alikunywa maji yaliyochanganywa na dawa ya sakafu kwa kiasi kikubwa, kwamba ndoo iliachwa wazi, kwamba mnyama mwingine ana majeraha yanayotokana na mabaki ya dawa hiyohiyo, na kwamba ushauri wa maandishi ulikuwa umetolewa. Saa nne Bwana Simiyu akaniita ofisini kwake. Wanaume wawili walikuwa wamekaa kwenye kiti kirefu chini ya picha ya Rais, wamevaa makoti, hawakutajwa majina. Ripoti yangu ilikuwa mezani. Bwana Simiyu hakunitazama; alikuwa akipanga vitu vya mezani kwake, wino, muhuri, rula.

"Kiprono," alisema, "hii ripoti ni ndefu. Hawa wazee wanataka kitu kifupi."

Mmoja wa wale wawili aliuliza kwa upole, "Hiyo dawa, mbwa akikunywa, inaweza kuitwa sumu?"

"Ikizidi, ndiyo," nikasema.

"Kwa hivyo ni sumu."

"Ni dawa ya sakafu, mzee. Ni ya kupigia deki."

"Na nani anaiweka kwa ndoo hapo nyumbani?"

Nilisikia taipureta ya chumba cha pili. "Mfanyakazi," nikasema.

"Ako na jina?"

Nikalitaja jina. Nililitaja kamili, jina lake la ubatizo na la baba yake, kwa sababu alikuwa ameniambia siku moja tukila samaki. Karani akaleta karatasi mpya, mistari minne. Ilisema kwamba mbwa wa mwenyekiti alikufa kwa sumu iliyowekwa majini na mtu mwenye kuingia jikoni. Bwana Simiyu alisema ni neno moja tu limebadilika, na kwamba nina maisha marefu mbele yangu, na kwamba kuna nafasi ya kwenda kusomea stashahada mwaka ujao na jina langu liko karibu na juu. Aliyasema yote matatu kwa sauti moja, kama mtu anayesoma orodha ya chanjo. Nikatia sahihi. Akapiga muhuri. Mkono wangu haukutetemeka, nalo ni jambo ambalo Cheruiyot, aliyekuwa karani yule, bado hulisifu.

Walimchukua Mama Awuor mchana uleule, akiwa na aproni. Hayo niliyasikia kwa mlinzi wa getini. Alikaa kizuizini siku tisa, na katika siku hizo mwenyekiti alihutubia mikutano sokoni na viwanjani akiwaambia watu kwamba sumu imefika mpaka jikoni kwake, na watu wakasikitika, na siku ya foleni msururu wake ukazunguka uwanja na kurudi. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na haja na Mama Awuor tena. Walimwachilia bila mashtaka. Alirudi Elgon View akakuta vitu vyake vimetolewa nje ya geti ndani ya gunia, akalichukua akaenda kwao. Mimi sikwenda kumwona kituoni. Nilipita mbele ya jengo lile kila siku kwa baiskeli, na siku ya tatu nikaanza kuzunguka kwa njia nyingine.

Nilitumwa tena kwa Sajini wiki moja baada ya uchaguzi. Mlango wa jikoni ulifunguliwa na mwanamke mwingine, mdogo, wa huku kwetu. Hapakuwa na harufu. Korido ilikuwa kavu, na mbwa alikuwa nje kwenye nyasi, amefungwa kivulini, akisubiri sakafu ikauke. Jerikeni ilikuwa juu ya rafu, na ukutani, kwa gundi, ilikuwa imebandikwa karatasi yangu. Kifuniko kimoja. Suuza mara mbili. Funika ndoo. Yule mfanyakazi mpya alisema Madam ni mkali sana kuhusu hayo maandishi, anakagua kila siku. Niliisoma ile karatasi kuanzia juu mpaka chini kama iliyoandikwa na mtu mwingine. Kwa hivyo Madam alijua. Pengine alijua tangu siku alipoikunja, na bila shaka alijua Jumanne ile, aliposimama kwenye ngazi nyuma ya mumewe na kunyamaza. Mimi na yeye tulikutana uani siku hiyo. Tuliamkiana vizuri. Aliniuliza kama mguu wa mbwa unaendelea, nikamwambia unaendelea, na wote wawili tukatazama mguu.

Stashahada niliipata. Nilipanda vyeo, nikastaafu, nikafungua duka la dawa za mifugo hapa mjini. Siku hizi watu hufuga mbwa ndani ya nyumba na huja kuniuliza kwa nini wanajikuna, na mimi huwaeleza kuhusu sabuni na polishi na dawa za sakafu, kuhusu kusuuza, na wananiambia nina subira. Mwenyekiti alikufa zamani. Chama kimoja kikawa vyama vingi, na wengi wa wale tuliovaa beji tukasema tulikuwa tukipinga moyoni.

Wiki mbili baada ya chakula kile cha hotelini nilisafiri hadi Ahero. Nilikuwa nimekumbuka kanisa alilokuwa akilitaja na mashamba ya mpunga yaliyo karibu, nikauliza mpaka nikaonyeshwa boma. Awuor mwenyewe, yule binti ambaye mama aliitwa kwa jina lake, ni mwalimu mkuu anayekaribia kustaafu. Alinikaribisha kwenye kiti, akaniletea soda, akaniambia mama yake alifariki miaka sita iliyopita na kaburi liko pale upande wa migomba. Nilimpa pole. Nikamwambia jina langu na kwamba niliwahi kuwa daktari wa mbwa katika nyumba ile ya Eldoret. Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Alikutaja," alisema. "Alisema wewe ndiye ulimsikiliza alipoongea mambo ya hiyo dawa."

Ningeweza kunywa soda yangu na kuondoka na hilo. Nilikaa nalo muda mfupi, na lilikuwa tamu, kisha nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyetia sahihi.

"Najua, Mzee," alisema. "Walimsomea hiyo karatasi siku ya kwanza akiwa ndani. Jina lako lilikuwa chini. Alikuwa anatuambia, Kiprono alisema ukweli jikoni na akasema uongo ofisini, na muhuri uko ofisini."

Nikasema nilikuwa kijana. Nikasema zilikuwa nyakati zile. Alisubiri nimalize, kwa subira ya mwalimu.

"Wacha nikuulize," alisema. "Kama ungekataa, wangekufanya nini?"

"Labda wangenifuta kazi."

"Halafu?"

"Labda wangeniweka ndani."

"Siku ngapi?"

Nikamwambia sijui. Akasema yeye pia hajui, lakini za mama yake anazijua. Kisha akainuka, akaichukua chupa ambayo nilikuwa sijaimaliza, akaniambia ni vizuri nianze safari, kwa sababu mvua inakuja na barabara ya kwao ikinyesha huwa haipitiki.